Kabla ya kuchagua kitabu cha picha, tuambie nyumbani kuna nini

Mzazi akiingia dukani kwetu hapa Kisumu huanza na umri: "Nipeni kitabu cha mtoto wa miaka minne." Sawa, lakini tutakuuliza zaidi. Amepata mdogo wake juzi? Baba amehamishiwa kazi Nakuru, anaonekana mwisho wa mwezi tu? Anaanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, Januari? Jibu lako ndilo litakalotuonyesha rafu ya kwenda.

Chukua kifungua mimba aliyezoea mapaja ya mama, na sasa kuna mwingine hapo. Atamfinya mtoto, au ataanza tena kukojoa kitandani. Wengi huomba kitabu cha kumkanya wivu, na hivyo hatuvipendi sana. Kitabu ambacho mtoto anaomba msamaha na jamaa wote wanacheka ni mahubiri yenye rangi. Afadhali kile chenye ukurasa mzima wa mtoto aliyenuna pembeni mama akinyonyesha, na mstari mmoja tu wa maneno. Simama hapo. Uliza, "Huyu ana nini?" kisha unyamaze. Akisema ana njaa, usimsahihishe. Fungua ukurasa mwingine. Kesho huenda akasema jingine.

Tena usikitoe katikati ya kilio, hatasikia neno. Kisome nyumba ikiwa imetulia, na ikiwezekana kabla jambo lenyewe halijafika: tumbo la mama likianza kuonekana, au Desemba kabla shule hazijafunguliwa. Maneno si lazima uyafuate. Simulia kwa Dholuo au Kiluhya ukitaka.

Bei tunajua inauma. Picha za rangi ni gharama, na tangu Sheria ya VAT ya 2013 vitabu hutozwa kodi ya asilimia 16. Kwa aliye chini ya miaka miwili nunua vya kadibodi ngumu ingawa ni ghali zaidi, maana karatasi nyepesi ataila. Mfuko ukiwa mtupu, tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha za bure kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Hatupati hata shilingi kwa kukuambia hivyo.

Jumamosi mlete mtoto mwenyewe. Tunatandika mkeka, anafungua anavyotaka, bora mandazi yabaki nje. Akirudia kitabu kimoja mara kwa mara, chukua hicho, hata kama wewe ulipenda kingine.