Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndege za Kijeshi Zilizostaafu Mashuleni

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, sitazirudia hapa. Kamati ina jambo moja la kulifikisha mbele ya Mkutano Mkuu: shule za hapa Uingereza zinaendelea kuomba ndege kubwa za vita za kusimamisha getini, ilhali zinazofundisha kweli ni zile ndogo zilizoko ndani ya karakana.

Kazi nyingi mwaka huu imehusu Jet Provost, ndege ndogo ya jeti ya mafunzo. Toleo la T.3 lilianza kufundishia marubani wa RAF, jeshi la anga la Uingereza, mwaka 1959, T.5 yenye chumba kinachohifadhi shinikizo la hewa ikafuata mwaka 1969, na za mwisho zikastaafu mwaka 1993 ndege za mafunzo za Tucano zilipochukua nafasi. Wanachama waliotoka Kenya wanamjua ndugu yake wa kubeba silaha, Strikemaster. Jeshi la Anga la Kenya lilinunua sita. Kwa darasa, ndege hii haina mpinzani. Viti viko ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi wanaangalia geji zilezile. Injini ya Viper inaonekana yote ukifungua milango ya mgongoni. Hadi uzito wake unabebeka: T.5 tupu ni kama tani mbili na robo.

Kasoro huanzia kwenye usafirishaji. Mzigo unaozidi upana wa mita 2.9 ni lazima polisi wapewe taarifa siku mbili kamili za kazi kabla ya safari, na mabawa ya T.5 yanafika karibu mita 10.8. Ni lazima yafunguliwe. Magurudumu makuu yamefungwa kwenye mabawa, si kwenye kiwiliwili. Ukiyatoa, ndege haina miguu. Andaa kitanda cha mbao chenye mpira juu, kinachoshika kwenye fremu imara na si kwenye bati katikati ya fremu. Wauza vyuma chakavu wanapenda kukata bawa kwa msumeno ili wamalize siku moja. Mhimili wa bawa ukishakatwa, huo ni mwisho wa kuisimamisha ndege salama juu ya miguu yake. Kagua ncha za mabawa kabla ya kulipa chochote.

Ndege ikishafika, angalia uwiano wa uzito kati ya pua na mkia. Ukitoa viti na redio huku injini ikibaki, uzito unahamia nyuma na ndege inaweza kukalia mkia mwanafunzi mmoja tu akiegemea huko. Weka nguzo chini ya mkia tangu siku ya kwanza, na vyuma vya uzito puani.

Viti vya kufyatuka, vinavyomrusha rubani nje ya ndege wakati wa hatari, ndilo suala ambalo kamati haitalegeza kamba. Pini nyekundu zinazuia kiti kisifyatuke; haziondoi baruti. Kwenye kiti kilichotengenezwa na Martin-Baker, aina ya Mk 4, kuna fataki (kopo dogo la baruti) ya bomba kuu la kurushia na nyingine ya kuvuta mwavuli mdogo, na ndege yenyewe inaweza kuwa na fataki za kufungulia kanopi, kile kifuniko angavu juu ya rubani, na za mitungi ya kuzimia moto. Mwaka 2011 kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi wa Scampton rubani wa ndege ya jeti aina ya Hawk alikufa baada ya kiti kufyatuka ndege ikiwa chini. Hiyo ilikuwa ndege ya kazi, yenye mafundi wa kila siku. Shule haina mafundi hao. Tunataka cheti cha fundi silaha kinachotaja namba ya kila kiti, na tunataka kuona kwa macho matundu matupu ya fataki. Cheti kisichotaja namba tunakirudisha.

Geji za zamani zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye rediamu, madini ya mionzi. Watu wanadhani kwa kuwa haing'ai tena basi imekwisha nguvu. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Rediamu-226 inapungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Usifungue kioo cha geji, usikwangue sindano, na chumba cha rubani kilichofungwa majira yote ya baridi kipitishe hewa kwanza, maana gesi ya radoni hujikusanya humo. Ukaguzi ufanywe na mtu mwenye kifaa cha kupimia na anayezijua kanuni za mionzi za 2017. Blanketi za joto kuzunguka bomba la moshi zichukuliwe kuwa na asbesto mpaka maabara iseme vingine.

Ndege zinazokaa nje zinauawa na maji. Mpira wa kanopi husinyaa, mvua inaingia sakafuni, majani yanaziba matundu ya tumboni, na mahali boliti ya chuma inapokutana na alumini kunaanza kuvimba unga mweupe. Turubai la plastiki linaongeza balaa: linafungia unyevu na kukwaruza Perspex, plastiki angavu ya kanopi. Tumia kitambaa kinachopumua. Kanopi ioshwe kwa maji na sabuni laini, kamwe si dawa ya vioo yenye amonia, inayoleta nyufa ndogondogo. Mashine ya kuoshea magari kwa shinikizo inasukuma maji ndani ya viungo. Rangi ya zamani ya msingi ina kromati, na vumbi lake linasababisha saratani, kwa hiyo msasa uwe wa maji. Anayependekeza kupigwa mchanga mtoeni nje: anaondoa ile ngozi nyembamba ya alumini safi inayokinga bati lenyewe.

Kwa wanaofundisha haidroliki: mfumo huu unatumia mafuta ya madini, yale mekundu. Walipojaza mafuta ya breki za gari katika shule moja, sili zote (mipira ya kuzuia uvujaji) zilivimba na flapu za mabawa zikagoma katikati. Kabla ya kulegeza bomba lolote, toa kwanza nitrojeni kwenye akyumuleta, tungi linalohifadhi shinikizo. Na kabla ya kuunganisha umeme wa volti 28, tenganisheni nyaya zote za mitungi ya kuzimia moto na za kanopi, hata kama mmeambiwa ni mitupu.

Hoja ya kamati ni kwamba kuanzia sasa chama kisisaidie shule kupokea ndege ya kukaa nje isipokuwa shule imemtaja kwa maandishi mtu wa kuizibua matundu na kuikagua kila mwezi, na imetenga fedha za kuiondoa siku ikichoka. Shule isiyoweza hayo ipewe injini moja juu ya stendi, au Bulldog, ndege ndogo ya mafunzo ya propela, iliyofunguliwa bawa moja karakanani. Najua wapo watakaopinga, hasa wapenzi wa Jaguar, ndege kubwa ya vita. Waje na bei ya rangi mkononi.

Marekebisho ya hoja yamfikie katibu kwa maandishi siku saba kabla ya mkutano. Nafasi ya mratibu wa vipuri iko wazi. Anayeitaka awe na gari la kuvuta tela.