Mipira ya matone: wauzaji mtuambie na habari ya chujio

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Naomba nafasi niongelee hii mipira ya matone, ile wengi tunaita dripu, mipira ya maji yenye vitundu vinavyodondosha maji kidogo kidogo kwenye shina la mmea, maana huku kwetu Goba karibu kila aliyejenga ameacha kipande cha bustani pembeni, akisikia sifa za dripu anaenda Kariakoo ananunua, mwezi haujaisha mpira umeshatupwa juu ya banda la kuku na mtu karudi kwenye keni ya kumwagilia anasema dripu ni uongo. Mimi pia nilifika hapo kabisa, ndio maana naandika.

Bustani yangu ni ndogo, urefu mita 6 upana 3. Nina nyanya, bamia, bilinganya, sukuma na tuta la mchicha. Maji ya bomba kwetu hayaaminiki, na ile Oktoba 2022 Mto Ruvu ulivyopungua mpaka ukatangazwa mgao ndo niliona mboga zangu zote zinakauka nazitazama. Toka hapo kiangazi nachota kwa jirani mwenye kisima, shilingi 300 dumu, na kwa keni nilikuwa namaliza madumu 6 kwa siku, asubuhi matatu na jioni matatu, na bado jua la saa saba likipiga majani yanalala.

Nikanunua mipira, mistari mitano, vitundu kila sentimita 30. Muuzaji alinikatia, akanipa viungio na koki, akanitakia kazi njema. Chujio hakulitaja kabisa, wala hakuniuliza maji yangu yanatoka wapi. Wiki ya tatu nikaona nyanya za mwisho wa mstari zimenyauka wakati za mwanzo zimenona, nainua mpira, vitundu vimeziba, vingine vina utando wa kijani unateleza na vingine vina ukoko mweupe wa chumvi. Nikachukua sindano ya kushonea nikaanza kutoboa kimoja kimoja, kumbe ndo nimeharibu zaidi, kitundu kikishapanuka kinarusha maji badala ya kudondosha na vilivyo mbele yake havipati kitu. Mistari miwili ilikufa hivyo.

Aliyenisaidia ni bwana shamba wa kata, alikuja kwa mguu na hakunidai hata nauli. Kwanza akaangalia pipa langu. Lilikuwa la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, halina mfuniko, akasema huo ukijani unaota kwa sababu ya mwanga, na pipa wazi ni nyumba ya mbu wale wa dengue wanaopenda kutaga kwenye maji masafi yaliyotuama. Sasa natumia pipa la bluu la lita 200, lina mfuniko na nimelifunika gunia jeusi (ukinunua la mtumba uliza kwanza lilibeba nini, mengine yalikuwa ya kemikali). Pili, pipa lilikuwa limekaa chini. Akanieleza kwamba maji hayasukumwi na kitu kingine ila kimo cha pipa kutoka chini, na hata mita nzima juu inakupa presha kidogo sana, kwahiyo pandisha pipa juu ya tofali na mistari iwe mifupi, usitegemee mstari wa mita 30 ufike mwisho sawa. Tatu ndo chujio, linakaa baada ya koki kabla ya mipira, nalifungua kila Jumamosi naliosha na ncha za mipira nazifungua uchafu utoke. Vilivyoganda chumvi alinifundisha kuloweka kwenye maji yenye siki halafu nasuuza.

Na kuna jambo la udongo wetu sikuwahi kuliwaza. Huku ni mchanga, ukichimba kwa kidole pembeni ya kitundu unakuta maji yameshuka wima kama karoti, pembeni kukavu kabisa, kumbe ukifungulia masaa matatu mfululizo unanywesha ardhi ya chini ambako mizizi ya nyanya haifiki. Kwahiyo nafungulia kidogo asubuhi na kidogo jioni, nimechanganya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na juu natandaza majani makavu. Sasa hivi madumu 3 yanatosha siku nzima, yaani nimeokoa shilingi 900 kila siku, kwa mwezi 27,000, na majani ya nyanya hayalowi tena kwahiyo ugonjwa wa bakajani umepungua sana kuliko nilipokuwa namwagia kwa juu. Ila tuta la mchicha bado namwagilia kwa keni, ule wa kusia umebanana sana mpira haufikii kote, asiwadanganye mtu hapo.

Ombi langu kwa wauzaji, mteja mwenye bustani ya nyumbani akija muulizeni maji yake ni ya bomba, kisima au boza, pipa lake liko juu kiasi gani, na msimuuzie mpira bila chujio hata kama yeye mwenyewe anabania hela. Na kwako Mhariri, kurasa za kilimo naziona zinaongelea mashamba ya ekari nyingi na pampu kubwa, naomba mumtafute afisa ugani hata mara moja kwa mwezi atuandikie sisi wa viwanja vidogo, lini kuanza kuotesha kabla ya vuli, nini cha kufanya masika yakija na mipira iko chini.

Na wasomaji wa Kigamboni na Mbagala ambao visima vyenu vina chumvi kuliko vyetu, kama kuna aliyefanikiwa na dripu mwaka mzima naomba aandike hapahapa gazetini anafanyaje, mimi bado naloweka kwenye siki kila baada ya wiki mbili na natafuta njia nyepesi zaidi.

Ni mimi mama mkulima wa uani,
Goba, Dar es Salaam