Shikamoo mama wa meza ya jirani

Shikamoo mama uliyekaa meza ya jirani Jumamosi ile Dodoma. Jina sikukuuliza, kwa hiyo nakushukuru hapahapa.

Ulinikuta nataka kutia soda kwenye mvinyo mwekundu. Ukacheka: "Mwanangu, onja kwanza." Ukanieleza kuwa ule ni mchanganyiko wa aina mbili za zabibu, Makutupora na Syrah, zote za shamba moja, na kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mimi nilidhani mvinyo ni mvinyo tu!

Ukanizungushia glasi taratibu, nikanusa. Zambarau zilizoiva, kabisa. Kisha nikashika funda moja mdomoni bila kumeza, na ule ukakasi ukanibana ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Ukasema unatoka kwenye maganda na mbegu, nisiuogope, nile na kipande cha nyama. Nikala. Ukakasi ukalainika, nikabaki nakutazama tu.

Niliporudi kutoka kunawa ulikuwa umeshaondoka. Asante sana mama. Na ile mbuzi choma nilikula ya kwako, deni lake ninalo.