Visahani vya maua vinafuga mbu

Mhariri,

Ukizunguka mitaa ya Dar es Salaam kwa miguu Jumapili jioni, utaona vibaraza vimependeza: asumini, waridi, mishubiri, vyote kwenye vyungu na ndoo kuukuu. Kasoro iko chini, kwenye kisahani.

Maji yakituama humo, mbu aina ya Aedes, mwenye madoadoa meupe miguuni, hutaga. Kwa joto letu, yai huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiye aenezaye homa ya dengi, na huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, saa ileile watu wamejinyoosha barazani na gazeti. Chandarua cha usiku hakimkingi msomaji huyo.

Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hugandama ukutani mwa kisahani na hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi na sabuni kila wiki, au jaza kisahani mchanga hadi ukingoni.

Ndoo nayo itobolewe matundu 4 au 5 kitakoni, kila tundu lifunikwe kigae ili udongo usilizibe. Udongo wa mfinyanzi mtupu hushika maji. Mizizi ya asumini huoza, majani huwa ya manjano, na mwenye ua, akidhani ni kiu, humwagilia zaidi! Changanya udongo sehemu 2, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Chomeka kidole: kikitoka kikavu, ndipo umwagilie.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam