Daraja la Nyali lipimwe lingali zima

Bw. Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu watafiti wa uhandisi wanaobandika vihisi, yaani vifaa vya kupima mtetemo, kwenye madaraja na maghorofa ili wajue yanaugua nini kabla hayajaanguka. Nimeifurahia, ila mwandishi ameipeleka mbio. Kwa maelezo yake, kifaa kinafungwa, kinaona ufa, simu ya mhandisi inalia, mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mabehewa Changamwe hadi nilipostaafu, na kazi yangu ilikuwa kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Naomba nafasi niseme kidogo.

Gurudumu zima la chuma ukiligonga hulia, na mlio wake hukaa hewani. Lenye ufa hutoa mlio mfu uliokatika. Vivyo hivyo yale ya zamani yaliyovishwa tairi la chuma, tairi likishalegea. Mtu yeyote mwenye masikio hujifunza hilo kwa asubuhi moja. Kinachochukua muda ni kujua mlio mfu usio na ubaya. Breki zikiwa zimekaza, kile kipande cha breki hulibana gurudumu, na gurudumu lisilo na doa hulia kama bovu. Kwa hiyo mkaguzi mzuri, kabla hajainua nyundo, huhakikisha breki zimeachiliwa. Na lazima awe ameshagonga magurudumu mengi mazima, la sivyo hilo bovu atalilinganisha na nini?

Wahandisi nao wana breki zao, na hapo ndipo makala yenu iliporuka. Kila daraja lina mtetemo wake. Lori likipita, daraja hucheza juu na chini mara kadhaa kwa sekunde, na kasi ya mchezo huo hutegemea ugumu wa daraja na uzito wake. Ugumu ukipungua, mtetemo hushuka. Tatizo ni kwamba hushuka kidogo mno: daraja likipoteza asilimia 10 ya ugumu, mtetemo hupungua kwa asilimia 5 tu hivi, maana hesabu yake inapitia kipeuo cha pili.

Mwaka 1993 Charles Farrar na wenzake wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walipata bahati ambayo mtafiti huiota: daraja kubwa la barabara ya I-40 lililovuka mto Rio Grande mjini Albuquerque, lililokuwa likingoja kubomolewa. Wakaukata mhimili wake wa chuma kwa moto, hatua nne, wakipima kila hatua. Likiwa zima lilitetema mara 2.48 kwa sekunde. Baada ya mkato wa kwanza na wa pili likasoma 2.52. Limejeruhiwa, na namba imepanda! Ni mkato wa nne, uliomaliza ukanda wote wa chini wa mhimili, ulioishusha hadi 2.30. Wakati huo hata mpita njia angeliona jeraha kwa macho yake.

Watafiti wa Los Alamos walipima pia daraja dogo la Alamosa Canyon, katika jimbo hilo hilo la New Mexico, kwa saa 24 mfululizo. Hakuna aliyelikata wala kulipiga. Jua tu lilipolichoma upande huu, kisha upande wa pili, mtetemo ulicheza kwa asilimia 5 hivi. Yaani jua la siku moja lina nguvu ya kuficha ugonjwa, au kuuzua pasipo na ugonjwa. Uswisi nako, daraja la Z24 lilipimwa karibu mwaka mzima kabla ya kuharibiwa kwa makusudi mwaka 1998, na ilionekana kwamba baridi ya kuganda, kwa kuikaza lami, ilibadilisha mtetemo kuliko baadhi ya majeraha yenyewe.

Sisi barafu hatuna, lakini jua tunalo na foleni tunayo. Saa kumi na mbili jioni pale Nyali, matatu za Bamburi na Mtwapa zimesimama pua kwa mkia, tuktuk zimejipenyeza kila penye upenyo, na daraja limebeba uzito ambao alfajiri halina. Uzito ukizidi, mtetemo hushuka, bila ufa wowote. Ongeza kaskazi na kusi na joto la Februari. Halafu chumvi, ambayo ndiyo adui wa kweli huku kwetu. Chumvi ikipenya zege na kuzifikia nondo, chuma huanza kuliwa, na kutu yake huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya kile chuma kilicholiwa. Zege hupasuka kutoka ndani. Kazi hiyo huenda polepole, mwaka hadi mwaka, na ndani ya foleni ya Jumatatu haionekani hata kidogo.

Ndiyo maana naomba kitu kimoja. Daraja la sasa la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931, ambalo lilipanda na kushuka na maji. Miaka zaidi ya 40 imepita, na mlio wake wa ujana hatuupati tena. Basi uchukuliwe wa sasa, daraja lingali linatubeba vizuri: mwaka mzima, mchana na usiku, likiwa tupu na likiwa limejaa, na joto la zege liandikwe pamoja na kila kipimo. Kumbukumbu hizo zitunzwe mahali ambapo mhandisi ambaye leo yuko shule ya msingi atazikuta. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wako hapo Tudor, na kazi ya namna hii ingewafaa kuliko kukariri madaraja ya Ulaya.

Najua nitaulizwa kuhusu maghorofa ya kupanga ya Kisauni na kwingineko. Kusema kweli, hayo hakuna atakayeyabandika vihisi. Lakini mpangaji anayeona ufa ukutani anaweza kupaka kibandiko chembamba cha plasta juu yake, akaandika tarehe. Kibandiko kikipasuka, ufa unatembea. Ni njia ya mafundi wa zamani na gharama yake ni kijiko cha plasta. Methali ya ufa na ukuta sitaitumia, wanasiasa wameshaichosha.

Limebaki jambo ambalo linanisumbua zaidi ya vihisi vyote. Mwaka 2017 wataalamu wa Politecnico di Milano walizipima kamba za daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, wakaona mambo yasiyo ya kawaida, wakashauri liwekewe vifaa vya kulipima wakati wote. Tarehe 14 Agosti 2018 likaanguka, watu 43 wakafa. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka na kuua watu wapatao 50 mwaka 2016, lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Pote pawili kulikuwa na mtu aliyesikia mlio mfu.

Sisi tulikuwa na kadi. Mkaguzi akishaibandika kwenye behewa, behewa haliondoki, awe anayelihitaji ni mkuu wa stesheni au tajiri mwenye shehena bandarini. Nimefokewa kwa ajili ya kadi hizo na watu wenye vyeo vikubwa kunipita, na behewa likabaki pale pale mpaka gurudumu limebadilishwa. Sasa mtetemo wa Nyali ukishuka siku ya kazi saa moja asubuhi, watu wote wa Pwani ya Kaskazini wakiwa njiani kuingia kisiwani, kadi iko mkononi mwa nani? Wanaosimamia barabara kuu wamtaje kwa cheo chake, katika gazeti hili, kabla ya kihisi cha kwanza kubandikwa.

Mkaguzi mstaafu wa mabehewa,
Changamwe, Mombasa.