Madoa yale si ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilikuta vyungu vinane vya makangaga vimetupwa kwenye jalala la shule moja hapa Lushoto. Mtunza bustani alinieleza kuwa majani yameshikwa na kuvu, na kwamba ameshayapulizia dawa mara mbili bila nafuu. Nikageuza jani moja. Chini yake mlikuwa na madoa ya kahawia yaliyojipanga safu mbili, huku na huku ya mshipa wa kati, kama vifungo vya koti. Ugonjwa haujipangi hivyo. Kutu ya kuvu hutapakaa ovyo, na jani huanza kugeuka manjano.

Madoa yale ndiyo uzazi wa kangaga. Kila doa ni fungu la vifuko vidogo mno, na ndani yake mna spora, chembe ndogo kama vumbi ambazo kangaga huzaliana kwazo. Nilililaza jani juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Asubuhi nikakuta sura ya jani zima imechorwa kwa vumbi la kahawia.

Nadhani neno spora ndilo linalotuponza. Kwa kuwa uyoga, ambao ni aina ya kuvu, nao hutoa spora, watu huutia kapu moja na kangaga. Lakini uyoga hauna umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Hujilisha kwa nyuzi zake kutoka kwenye gogo linalooza, na kuta za seli zake zina kitini, kile kile kilichomo kwenye gamba la mende. Kinasaba uyoga uko karibu zaidi na sisi wanyama kuliko na mmea wowote. Kangaga hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, tena lina mizizi na mishipa ya kupitishia maji kama mwembe.

Linachokosa ni ua, na kwa hiyo tunda na mbegu. Spora ikiangukia penye unyevu huota kimmea bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, na hapo gameti ya kiume, yaani seli ya uzazi, huogelea kwenye utando wa maji kulifuata yai. Kangaga halimngoji nyuki, linangoja maji. Ndiyo maana limejaa kwenye makorongo yenye ukungu ya Usambara.

Walimu wenzangu, tafadhali wapeni wanafunzi jani lenyewe walishike na kuligeuza, kabla ya kuwachorea ubaoni.

Vyungu vitano nimeviweka barazani kwangu, pasipofikiwa na jua la mchana. Vitatu vimeshachipua, majani machanga yamejiviringa kama konokono.

Mwalimu wa Biolojia,
Lushoto, Tanga