Kelele za gitaa zisifutwe, zitafutiwe nafasi

Mhariri,

Kijana wa Arusha akipeleka studio gitaa linalonguruma, mara nyingi mtayarishaji huanza kwa kulisafisha. Akimaliza, wimbo umebaki mifupa. Wengine hufanya kinyume: huacha kelele zimeze kila kitu. Tunaomba nafasi tueleze jinsi kelele za gitaa zinavyoweza kukaa ndani ya wimbo bila kuumeza.

Mfano bora wa kelele zilizopewa nafasi yake ni Psychocandy, albamu ya mwaka 1985 ya The Jesus and Mary Chain, kundi la ndugu Jim na William Reid wa East Kilbride, Uskoti. Wimbo wa kwanza unaanza na mdundo ule ule wa "Be My Baby" ya The Ronettes, ya mwaka 1963. Bobby Gillespie alipiga ngoma mbili tu, akiwa amesimama. Besi ya Douglas Hart ilikuwa na nyuzi mbili. Kwenye sauti nzito za chini hakuna msongamano, ndiyo maana mngurumo wa gitaa ulio juu yake haugombani na chombo kingine. Wanaokumbuka Arusha Jazz ya akina Wilson na George Kinyonga, kabla hawajahamia Kenya na kuunda Simba Wanyika, wanaijua nidhamu hiyo: kila gitaa na njia yake.

Kwa hiyo wimbo kwanza. Uimbwe na gitaa kavu, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu au nne, dakika tatu zisizidi sana. Ukichosha kabla ya kiitikio cha pili, hakuna kelele itakayouokoa.

Kisha mluzi, yaani ule mlio mrefu wa gitaa likikaribia spika. Simama kama mita moja mbele ya ampli (kikuza sauti cha gitaa), gitaa likitazama spika. Sauti ya spika inatikisa nyuzi, pikapu, yaani kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi, inairudisha kwenye ampli, na mzunguko haukatiki. Geuza mwili kidogo kidogo, noti itabadilika. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, tafuta mluzi unaotulia kwenye G au D. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mluzi wowote hautoshi, na usioelewana na kodi unafanya mwimbaji aonekane amepotea sauti.

Kelele zirekodiwe kwenye traki yake, kamwe zisichanganywe na gitaa la kodi, maana hazitenganishiki tena. Kwenye traki hiyo kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 150 ili besi ipumue. Punguza desibeli 3 au 4 kati ya hezi 2,000 na 4,000, kwani hapo ndipo maneno yanaposikika vizuri. Halafu sikiliza kwa spika moja ya simu. Kelele zilizotanuliwa kwa efekti kulia na kushoto zinaweza kufutana na kutoweka, na kwenye daladala ya Kwa Mrombo wimbo utasikika mtupu.

Redioni msipeleke MP3 ya kilobiti 128. Kubana faili ni kutupa sehemu za sauti, na kelele, kwa kuwa hazijirudii, ndizo zinazoumia zaidi: zinageuka kama maji yanayochemka. Pelekeni WAV, faili ambayo haijabanwa.

Wapenzi wa muziki wa gitaa,
Arusha